Tobia na Wimbo wa Gogo

Juu ya Magamba, kwenye milima ya Lushoto, palikuwa na kiwanda kidogo cha mbao chenye msumeno wa mashine, lakini hakikuwa na mashine ya kupandishia magogo. Magogo yalipandishwa kwa mikono ya watu na kwa sauti ya Tobia.

Watu walilisukuma gogo juu ya miti iliyolazwa kwa mteremko hadi kwenye msumeno, naye Tobia akisukuma pamoja nao huku akiongoza wimbo. Sheria ilikuwa moja: sauti ya Tobia ikisikika, sukuma; ikinyamaza, achia na uruke pembeni. Katika ukungu wa Julai mtu hakumwona hata mwenzake wa upande wa pili, hivyo kila mmoja alikabidhi uhai wake kwa sauti ile.

Tobia alikuwa pia beki wa timu ya kiwanda. Sabasaba ya mwaka 1974 iliangukia Jumapili, wakacheza na wafanyakazi wa kiwanda cha chai na kuwashinda. Lakini katika mechi hiyo goti la Tobia likateguka. Jioni mkewe, Yunis, alimkanda kwa maji ya chumvi.

"Baba Marta, kesho umwambie msimamizi."

"Nikisema, mechi ya marudiano nitaitazama nimekaa kwenye nyasi."

"Goti lenyewe limeshasema. Wewe tu ndiye hujasikia."

Asubuhi Tobia alilifunga goti kwa kitambaa ndani ya suruali, akaenda kazini bila kumwambia mtu.

Gogo la kwanza lilikuwa la mti wa mkulo, nene kiasi kwamba watu wawili wakilikumbatia mikono yao haikukutana. Tobia akaita, "Mkulo umelala!" Wenzake wakajibu, "Tuuamshe!" Gogo likapanda. Lilipofika katikati, rafiki yake Salimu akaingia chini yake kwenda kupigilia kabari ya kulizuia lisirudi.

Hapo goti likamsaliti Tobia. Alianguka bila mtu kumwona katika ukungu, mguu ukateleza chini ya gogo, nalo likarudi kidogo na kuubana. Mfupa ukavunjika.

Mtu yeyote angepiga yowe. Lakini yowe lingekata wimbo, na wimbo ukikatika wenzake wangeachia, na gogo lingemshukia Salimu.

Tobia akaimba.

"Mkulo umelala!"

"Tuuamshe!"

Sauti ilipanda juu kuliko siku zote. Kule chini Salimu alicheka huku akigonga kabari. "Leo ndugu yetu mgosi amekula nini? Au ni ushindi wa jana?"

Tobia akaendelea kuimba, bila kuruka hata neno moja, mpaka nyundo iliponyamaza, Salimu akatoka na kupiga kelele, "Tayari!" Ndipo wimbo ukaisha. Kisha, kwa sauti ndogo, wakamsikia akisema, "Sasa nitoeni."

Walipozunguka gogo na kuuona ule mguu, walilisogeza gogo kidogo wakamtoa. Salimu alikaa chini kwenye matope, nyundo ikiwa bado mkononi. Walimbeba kwa zamu kwenye machela ya mbao hadi hospitali ya Lushoto.

Mguu uliunga umepinda, na Tobia hakucheza tena. Lakini aliporudi alipewa kigoda langoni mwa kiwanda, na kila Jumatatu baada ya mechi wachezaji walipita mbele yake wakiruka kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, kabla ya kugusa gogo.

Jumatatu moja Salimu alifika akichechemea.

"Nimelala vibaya tu, mgosi."

"Ruka."

Akaruka mara moja, akaing'ang'ania nguzo ya lango. Wenzake wakaangua kicheko.

"Kumbe umelala uwanjani!" mmoja akamtania.

"Rudi nyumbani," Tobia akasema.

"Na kabari atapigilia nani?"

"Gogo litasubiri. Limesubiri msituni tangu enzi za babu zetu."

Salimu alifungua kinywa abishe. Akautazama mguu wa Tobia ulionyooshwa kando ya kigoda, ukiwa umepinda chini ya goti. Akamwekea nyundo mapajani, akaanza kuteremka polepole kuelekea nyumbani.