Dekoda Tatu na Misa ya Koko

Kwetu, mtaa wa Murara, salo, yaani sebule, ni ndogo, lakini chini ya televisheni kulikuwa na dekoda tatu, zimepandana kama matofali. Ya kwanza ilinunuliwa kwa ajili yetu wote. Kisha mpira wa Ulaya ukahamia kampuni ingine, papa, baba yetu, akaongeza ya pili. Mama akabaki na ile ya kwanza kwa ajili ya filamu zake za jioni. Ya tatu, ndogo, ya bei ya chini, ilikuwa ya koko, mama ya papa. Na kaka yangu alikuwa na abonema yake, malipo ya kila mwezi, ya filamu ndani ya simu, na mega zake za intaneti, na mtu asimguse.

Kila abonema ilikuwa inakufa siku yake. Ninarudi kutoka shuleni, nakuta kioo kimeandika kwamba muda umekwisha, na mama anauliza, "Ni ya nani tena leo?" Tulikuwa tunalipia yote na bado hatutazami kitu. Abonema ikiwa hai, umeme hauko. Umeme ukirudi, abonema imekufa.

Koko hakuwa analalamika. Alikuwa na kitu kimoja tu, misa ya Jumapili. Miguu imemkatalia, hafiki tena parokiani. Masikio nayo yamekuwa mazito, kwa hiyo misa anaifuata kwa macho. Akiangalia mikono ya padri anajua wamefika wapi. Hostia ikiinuliwa anainamisha kichwa, na salo nzima inanyamaza, hata kaka yangu ambaye hanyamazagi kwa ajili ya mtu.

Banki zilipofungwa na biashara ya papa ikalala, papa akasema tupunguze. Alisema wakati wa kula, akiangalia sahani. Mama akajibu kwamba filamu yake imefika kwenye ndoa, haiwezi kukatwa sasa. Kaka akasema simu ni ya kwake. Ya mpira hakuna aliyeitaja.

"Basi ile ndogo," papa akasema. "Misa inapita kwa redio."

"Redio ataisikia na masikio ya nani?" mama akauliza.

Papa akatafuna kidogo. "Tutavuta kamba kwa jirani."

Kuvuta kamba ni jambo la kawaida katika parsele yetu, kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa. Dekoda inakaa nyumba moja, waya unapita juu ya ukuta wa mawe mpaka nyumba ya pili, na wewe unatazama kile mwenye dekoda anatazama. Mama jirani alikubali bila shida. Alisema Jumapili yeye anashinda kwenye kanisa lake la maombi, televisheni inabaki bure, koko atazame tu. Tukamshukuru sana. Hakuna aliyefikiria watoto wake. Na koko mwenyewe hakuna aliyemwambia kitu.

Jumapili mama alienda misa ya kwanza. Koko akavaa kikwembe chake kizuri, akafunga kitambaa, akakaa mbele ya televisheni na rozari. Kwenye kioo mbwa alikuwa anamkimbiza bata wa njano. Koko akangoja. Alidhani ni matangazo.

"Padri amechelewa leo," akaniambia.

Nikavuka kwa jirani. Mimi hata watoto wananiogopesha wakiwa wengi. Walikuwa wamelala chini mbele ya televisheni, na mkubwa wao amekalia telekomande ya kubadilisha chaneli.

"Naomba muweke misa," nikasema. "Kidogo tu. Ni ya koko."

"Yaya, siye njo wenye dekoda," mkubwa akajibu, akiniita yaya kwa kuwa nimewapita umri.

"Koko yako akuje atazame bata, bata iko muzuri!" mdogo akasema, wote wakacheka.

"Ao utatupatia nini?" mkubwa akauliza.

Sikuwa na kitu. Nikarudi nyumbani, nikachukua simu ya kaka kando ya mto wake, yeye bado analala, nikavuka tena, nikawafungulia katuni humo ndani. Wakaishika wote kwa mara moja. Telekomande nikabonyeza mwenyewe mpaka misa ikatokea.

Niliporudi, koko alikuwa amesogeza kiti karibu na kioo. Tulifika hostia, akainamisha kichwa. Komunyo ilikuwa imeanza wakati kaka alitoka chumbani.

"Simu yangu iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwa jirani. Akaenda mbio, akarudi ameishika kama kitu kilichokufa.

"Mega zote! Zote! Katuni? Wewe mutoto, uko na akili kweli?"

Papa akaingia kutoka nje, sabuni ya kunyolea ingali kwenye kidevu. "Kelele ya nini?"

"Ni juu ya misa," nikasema polepole.

"Misa gani? Si nilivuta kamba?"

"Kamba inaleta bata, papa."

"Kila siku abonema! Kila siku mega!" papa akapiga meza. "Nitazitupa zote ziwani!"

"Tupa, papa. Anza na yangu, imeisha," kaka akajibu.

Koko hakusikia hata neno moja, ila nyuso zetu aliziona. Akanigeukia. "Mujukuu wangu, wanagombana juu ya nini?"

Kwa koko huwezi kujibu kwa sauti ndogo. Nikamsogelea sikioni, nikapaza sauti mpaka watoto wa jirani wakanyamaza.

"Papa alikata abonema yako, koko! Hii tumeomba kwa jirani!"

Papa alisimama na sabuni yake. Koko akamwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Na ya mpira?"

Papa akageukia mlango. Kaka naye akainama kwenye simu ambayo haikuwa na kitu cha kutazama. Nikaona ni mimi ninayengojewa.

"Ya mpira iko, koko!" nikasema kwa sauti ileile. "Ile iko!"

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni, akageukia kioo. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Papa alitoka nje bila kujifuta kidevu. Mchana ule kulikuwa na mechi, umeme ulikuwepo, na hakuna mtu aliyewasha televisheni.