Kigoda Kilichoporwa Mara Mbili

Siku tuliyomzika Bibi Ngollo, jirani yangu wa hapa Cheyo, aliyetuchekesha alikuwa Mzee Sabiri. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu na kuzeekea hapahapa. Kwetu Wanyamwezi alikuwa mtani, utani ambao wazee husema ulizaliwa njiani, enzi babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa misafara mpaka Pwani, kwa Wazaramo. Katikati ya kilio akaenda kukalia kigoda cha marehemu.

"Sinyanyuki mpaka nipewe kuku. Wanyamwezi nyie, hata msibani wachoyo!"

Kuku hakupatikana, naye akaondoka na kigoda kichwani huku akipiga mbinja. Hakuna aliyemzuia. Mtani akichukua kitu msibani, ameshachukua.

Aliyeumia ni Minza, mjukuu aliyelelewa na bibi huyo. Alikuwa shule ya bweni, akafika matanga yameshaanuliwa, akakuta mahali pa kigoda jikoni ni patupu. Alilia kuliko alivyolia alipopelekwa kaburini.

Sasa Minza ni mtu mzima, anasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam: historia ya ubunifu wa vitu na kazi ya makumbusho. Nilimwuliza ndiyo nini hiyo.

"Mama Deus, nasoma kwa nini kitu kilichongwa hivi na si vile, na nani alikitumia."

"Kwa hilo tu ungebaki Cheyo, ningekufundisha bure," nikamwambia. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania sana.

Ili amalize masomo alitakiwa aandae maonyesho ya vyombo vya nyumbani vya watu wa njia ya misafara. Alikusanya nyungo, vinu, na vilindo vya magome ambavyo zamani vilitunzia nafaka. Ila moyo wake ulikuwa kwenye kigoda kile cha mninga, miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja bila msumari. Babu yake ndiye aliyekichonga. Alikumbuka kuwa kimelika upande wa kushoto, kwa kuwa bibi alikuwa akiinamia figa akisonga ugali. Bila kigoda hicho, alisema, maonyesho yangekuwa ya bibi za watu wengine.

Akaenda kwa Mzee Sabiri na kuku mkononi. Mzee akamtazama kuku yule.

"Wa kisasa huyu. Nadai wa kienyeji."

Likizo iliyofuata akampelekea jogoo wa kienyeji kutoka Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku. "Ananuka tumbaku!" Mzee akasema, akampokea hata hivyo, akamfungulia uani, kigoda akakikalia palepale. Mimi nilikasirika kwa niaba ya binti. Baadaye nikaona kwamba kila akienda, Minza anakaa huko mpaka magharibi, wanakula michembe ya viazi vikavu, mzee anamsimulia vituko vya bibi yake. Alirudi mikono mitupu na uso umenawiri, nami hasira ikaniisha.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya maonyesho, Mzee Sabiri akafariki. Shamila, binti yake, alikuwa anafunga vyombo vya baba avipeleke Kisarawe. Kigoda kilikuwa mlangoni, juu ya mikeka iliyofungwa.

Minza aliingia msibani macho yamevimba. Nikamnong'oneza, "Ukilia, wewe ni mfiwa kama Shamila, na mfiwa hachukui kitu. Mtani hutania." Alisimama pale hata nikadhani ameshindwa. Kisha akakivuta kigoda, akakikalia.

"Wazaramo kwa usingizi!" akasema kwa sauti kubwa. "Mzee mzima analala mchana kweupe, na kigoda cha watu hajarudisha! Sinyanyuki mpaka nipewe kuku."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Shamila alicheka huku machozi yanamtoka. Kuku hakuletwa. Minza akaondoka na kigoda kichwani.

Mwalimu wake alipouliza amekipataje, alijibu, "Nimekipora, mwalimu." Ndivyo alivyoandika kwenye kibao cha maelezo pia: kimeporwa mara mbili, kimelika kushoto kwa bibi kuinamia figa, kimelika kulia kwa mzee kuegemea redio yake.

Maonyesho yalifanyika katika ghala la zamani la wafanyabiashara kina Popatlal, mjini Tabora. Mbele ya kila chombo palikuwa na onyo, USIGUSE. Shamila alikuja na kanga zake za msiba. Alikisoma kibao polepole mpaka mwisho, akavuka kamba iliyozungushiwa vyombo, akakikalia kigoda.

Mlinzi akaja mbio. Minza akamshika mkono.

"Mwache. Ni mtani wangu."

"Sinyanyuki," Shamila akasema, "mpaka nipewe kuku."

Minza akauacha utani. Akapiga magoti kando ya kigoda, akalia kilio chote alichokizuia msibani.