Spoki Iliyochemshwa

Watu wa mtaa wa Muhima walidhani Swafiya ataona kinyaa kwenye vinywa vya watu. Wapi! Usaha, meno yaliyooza hadi kwenye mizizi, pumzi ya kumwangusha mtu mzima, yote hayo alikwisha kuyazoea. Kilichomchafua roho, hata akatema mate chini kila alipokikumbuka, kilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, ambayo mama yake aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai.

Mama yake, Mukabalisa, alikuwa mtoaji wa ibyinyo, wale wadudu waliosemekana kujificha ufizini. Mtoto mchanga akiharisha na kuchemka mwili, aliletwa kwake. Alimpasua ufizi kwa ile spoki, akachokoa kitu cheupe, laini, akawaonyesha wazazi: huyu hapa mdudu! Mdudu gani? Lilikuwa jino changa la mtoto, ambalo lingeota lenyewe siku yake ikifika. Waliopona walikuwa wapone tu. Waliokufa walizikwa, na watu wakasema mdudu aliwahi.

Swafiya naye aliamini hivyo mpaka alipofika miaka thelathini na mitatu. Alikuwa fundi cherehani, na siku moja alipeleka aproni kwenye zahanati ya masista, akamkuta daktari wa meno, Mrundi mmoja aitwaye Libère, anahangaika peke yake umeme umekatika. "Dada, nishikie tochi," alisema Libère. Akashika. Siku hiyo alitapika nyuma ya jengo, lakini Jumanne iliyofuata alirudi bila kuitwa, na kila Jumanne baada ya hapo. Huko ndiko alikowaona watoto wasio na meno ya chonge, ufizi umeoza, akauliza, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya watoaji wa ibyinyo. Alirudi nyumbani akaitupa spoki chooni, akamwambia mama yake kwamba mikono yake inanuka damu ya watoto. Maneno makali, na yalikuwa kweli. Mukabalisa akaacha kazi kwa hasira, na tangu hapo wawili hao wakabaki kupeana salamu tu.

Mwaka wa 1992 Swafiya alitimiza miaka thelathini na mitano, umri wa mwisho kupokelewa katika chuo cha meno huko Zaire. Ukipita mwaka huo, basi tena, cherehani mpaka kaburini. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: mama mzima akabebe madaftari! Hakuwajali. Alikuwa na cheti chake cha sekondari, na Libère alimwahidi barua ya kumpendekeza. Ilibaki karatasi moja, ya mwenendo mwema, maana tangu vita vianze kule kaskazini mtu hakuvuka mpaka bila karatasi ya konseye, kiongozi wa mtaa.

Konseye Nizeyimana alimzungusha wiki tatu. Wiki ya nne akamwita, akaiweka karatasi mezani, haina muhuri.

"Karatasi yako iko tayari," alisema. "Lakini mjukuu wangu iko na ibyinyo. Mama yako amekataa kuja. Anasema mpaka weye umuombe."

"Mzee, yale si wadudu, ni meno. Mpelekeni mtoto hospitali."

"Mimi sikuomba masomo. Niliomba Mukabalisa."

Swafiya alitoka pale akimtukana moyoni, yeye na muhuri wake na kitambi chake. Ungedhani angeiacha ile karatasi ioze. Hakuiacha. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akapiga magoti.

"Leo mikono yangu hainuki?" aliuliza Mukabalisa.

"Nisamehe, mama. Twende."

"Na nani atashika kichwa ya mtoto?"

"Mimi."

Spoki mpya ilinolewa. Swafiya aliichemsha dakika ishirini, akaipangusa kwa spiriti, akajiambia kwamba ikichemshwa ni jambo jingine kabisa. Uongo mtupu, na aliujua. Alikishika kichwa cha mtoto wa miezi saba kwa mikono miwili, akahisi kile kilio kikipita kwenye viganja vyake. Mama yake alifanya haraka, kama siku zote. Konseye akagonga muhuri kabla hata damu haijakauka. Swafiya alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mama yake, na hata hivyo karatasi aliikunja vizuri, isipate mikunjo mibaya.

Aliipeleka kwa Libère, naye akaitia katika bahasha moja na barua yake, isafiri Jumanne na mtu wa kuaminika. Jumanne hiyo, asubuhi, binti wa konseye aliingia zahanati na yule mtoto mgongoni, taya limevimba.

Libère alimfunua mdomo, akasonya. "Nani aliyemchinja mtoto hivi?"

Binti yule akamtazama Swafiya aliyesimama na tochi. "Mumuulize huyu. Si yeye alishika kichwa?"

Kusema hapana kulikuwa rahisi. Neno la binti dhidi ya lake, na bahasha ilikuwa juu ya kabati imekwisha kufungwa kwa gundi.

"Ni kweli," alisema Swafiya. "Nilishika mimi."

Libère alisafisha ufizi, akatoa usaha, akampa mtoto sindano, na muda wote huo mwanga wa tochi haukutikisika. Binti alipotoka, Libère akanawa mikono, akaishusha bahasha.

"Humu nimeandika kwamba hujawahi kumdhuru mgonjwa," alisema. Alikuwa akimwangalia kama anavyoangalia kidonda. "Nifanye nini, Swafiya? Niitume?"

Leo hakumwita dada.

"Kata hiyo sentensi," alisema Swafiya. "Andika nilichofanya. Halafu itume."