Alhamisi katika nyumba ya fromaji, Masisi

Nilijifunza kunywa kule Omate, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi na mume wangu tulitoka Butembo kwenda kuwauzia wachimbaji chumvi, sabuni na betri za tochi, na mambo yalikwenda vizuri mpaka homa ilipomuua mume wangu ndani ya wiki moja tu. Baada ya mazishi, jirani aliniletea kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ili nipate usingizi. Nililala kweli. Mwezi uliofuata nilikuwa naitafuta asubuhi.

Vita vilipokaribia tulikimbia kwa miguu, tukapita Ntoto, siku nyingi ndani ya msitu. Wenzangu walibeba watoto na masufuria. Mimi nilibeba kidumu cha lita tano. Mama mmoja aliniomba maji ya mtoto wake, nikamwambia hapana. Hakujua kwamba hayakuwa maji. Aliniangalia kama mtu mwenye roho mbaya, nami nikaona afadhali anione hivyo kuliko anione mlevi.

Masisi nilipokewa na dada yangu mkubwa, aliyekuwa na duka la vitenge. Nilimficha ulevi wangu kwa miezi kadhaa, kanyanga ikiwa ndani ya termosi ya chai. Kisha siku moja ya soko aliniachia duka, akarudi na kunikuta nimelala juu ya vitenge, nimevitapikia, mlango uko wazi na wateja wamesimama wananitazama. Hakupiga kelele. Aliwaomba wateja watoke, akafunga mlango, akaketi sakafuni karibu nami.

“Sitakufukuza,” alisema. “Lakini mi peke yangu sitaweza kukuponesha. Iko watu wenye walipita mu hii njia. Siku ya ine nitakupeleka.”

Siku ya ine ni Alhamisi. Aliwajua kupitia mzee mmoja mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini, aliyekuwa akinunua kwake vitambaa vyeupe vya kuchujia maziwa. Mzee huyo alikuwa amemweleza bila aibu kwamba zamani alikuwa akinywa hadi kulala mtaroni.

Walikuwa wakikutana kwa mzee huyo, kwenye nyumba yake ya fromaji, saa tisa, kazi ya maziwa ikiisha. Nilifika na dada yangu, nimejifunika kitenge mpaka puani. Ndani niliona wanaume sita kwenye mabenchi: wafugaji, mwalimu, dereva wa moto, yaani pikipiki. Nilitaka kugeuka. Mwanaume akinywa huambiwa amezidisha. Mwanamke akinywa, hata jina lake watu hulitemea mate. Ndipo mama mmoja mzee akainuka nyuma ya pipa la maziwa, mikono imelowa.

“Ingia, mama, ikala hapa.”

“Mi niko nasindikiza dada yangu tu,” nilijibu.

Walicheka wote, bila ubaya. “Siye wote tulikuya kusindikiza muntu,” alisema dereva wa moto. Nikajikuta nacheka pia, nikaketi.

Hapakuwa na mahubiri. Kila mmoja alieleza wiki yake, na hakuna aliyemkatiza. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno machache tu: “Nilikunywa leo asubuhi.”

“Asanti,” alisema yule mama. “Na jioni utakunywa?”

“Sijui.”

“Basi ukuje kwangu, unisaidie kutoa maharagi mu maganda.”

Nilikwenda, nikabaki kwake. Siku tatu nilitetemeka na kutokwa jasho, naye akamwita muuguzi wa kituo cha afya aje kuniangalia, kisha akaninywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Hakuniuliza mume wangu alikufaje, wala kwa nini nilianza kunywa. Nilipoanza kumweleza mwenyewe, alizima redio ili anisikie vizuri.

Nilianguka tena kwenye pombe mara mbili baada ya hapo. Mara zote mbili nilirudi Alhamisi nikiwa nimekata tamaa, na mara zote mbili walisogea kwenye benchi ili nipate nafasi.

Mapigano yalipoingia upande wetu, ng’ombe waliibiwa na nyumba ya fromaji ikafungwa. Tukahamia shambani kwa yule mama, tukawa tunapalilia huku tunaongea kwa sauti ya chini. Alhamisi moja risasi zililia kilimani. Tulilala kifudifudi kati ya mistari ya maharagwe, na dereva wa moto, aliyekuwa katikati ya maelezo yake, akasema: “Sasa hii njo siku ya kunywa.” Tulicheka mpaka machozi, midomo imejaa udongo. Milio ilipotulia aliendelea pale alipoachia.

Yule mama baadaye alihamia Walikale kwa mwanawe. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Nilimshika mkono mpaka moto ya kumpeleka ikawashwa. “Siku ya ine mukae,” alituagiza, “hata mukibaki wawili.”

Tumekaa kila Alhamisi. Miaka imepita na sijanywa, na bado naogopa kidogo kuandika hivyo. Dada yangu, aliyenirudisha dukani, hajawahi kuniuliza tunasema nini kule. Alhamisi, saa tisa ikikaribia, ananinyang’anya mita ya kupimia vitambaa na kuniambia, “Enda, utachelewa,” kisha anabaki na wateja peke yake. Hata wakiwa wengi.