Orodha Iliyojichapa Asubuhi

Nichekeni tu, wenzangu, lakini hofu haijanitoka bado.

Kompyuta ya ofisi yetu hapa Moroni, ukiiwasha tu, huchapa orodha ya wasafiri wa kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili. Mimi kwa ujanja wangu nikataka ichape majina ya wageni wa harusi kubwa ya shemeji yangu. Maagizo yake ya kuwakia, yale inayoyasoma kwanza ikiwashwa, sikuyafuta. Niliandika yangu, nikayaweka yasomwe kabla ya yale, kisha mashine isimame hapo. Nikapata nakala zangu, nikaenda zangu nyumbani, nikasahau kuyaondoa.

Jumatatu asubuhi akaingia mmoja wa mamluki wanaomlinda rais, Mzungu, bastola kiunoni, akitaka orodha ya wasafiri. Mkurugenzi wetu akaiwasha mashine mwenyewe. Yakatoka majina ya wanaume watupu, yamepangwa kwa vyeo, na chini yake: "Wote tukutane Ijumaa baada ya sala."

"Hili jeshi la nani?" Mzungu akauliza, mkono kwenye bastola.

Nikawahi kujibu. "Ni harusi, bwana. Kwetu, waliokwisha kufanya harusi kubwa hupata cheo, huketi mbele. Ambao hawajafanya, hata wakiwa na mvi, ni watoto wa mji, huketi nyuma."

Akanikazia macho mpaka jasho likanifika miguuni. Kisha akacheka.

Nikashusha pumzi, kumbe mapema. Mkurugenzi, mvi kichwa kizima, alikuwa bado ameishika karatasi. Kidole chake kiliwapita wakubwa wote, kikashuka hadi kwa watoto wa mji, kikasimama.

"Mwanangu," akaniambia polepole, "hebu nionyeshe nitakapoketi."