Kitambaa cha Santa

Siku Wasike alipomwona Santa kwa mara ya kwanza, alimwona nyuma ya askari. Koplo Odongo alipanda kwenye baraza ya duka kule Nabuyonga, Mbale, viatu vyake vikigonga saruji, akaweka furushi la karatasi ya kaki juu ya cherehani. Nyuma yake alisimama msichana mrefu, nywele amezikata fupi kama mwanafunzi, mikono ameifumbata mbele kama aliye kanisani.

"Fundi! Huyu ni sista wetu mpya. Ametoka shule ya manesi Jinja, bado ana harufu ya dawa. Meja anamtaka hospitali ya kambi, huko huko Jinja. Kitambaa ndicho hiki. Cheupe, hata Kampala hukipati. Mshonee gauni mbili. Ijumaa nakuja."

"Sawa, afande," Wasike alisema, akiliangalia furushi.

Wasike alikuwa mtu wa Bungoma, upande wa Kenya. Alikuwa amevuka mpaka akiwa kijana, na sasa mvi zilikuwa zinamwingia na bado hana mke, kwa sababu haya yake ilikuwa imepita kipimo. Mwanamke akija kushonewa, Wasike humpa futi, kisha anageuka kutazama ukuta. Mama anajipima mwenyewe na kutaja namba kwa sauti, naye anaziandika ukutani kwa chaki. Watu wa Nabuyonga walimcheka, lakini nguo zao walimletea yeye. Mafundi wengine wakikuambia njoo Ijumaa, hawakuambii ni Ijumaa ya mwezi gani. Wasike akisema Ijumaa, Ijumaa unavaa.

Santa alipokea futi, akamwona fundi anageuka ukutani, akaangua kicheko.

"Fundi, mimi nimeogesha wanaume wazima wodini. Wewe unaogopa kiuno cha mtu?"

"Siogopi, sista. Nasikia vizuri nikiangalia ukuta."

Alicheka mpaka Odongo, aliyekuwa ameegemea Landrova akivuta sigara, akageuka kutazama. Kisha akajipima na kutaja namba zake moja moja. Lakini Landrova ilipoondoka na Wasike akashika mkasi, Santa aliweka kiganja juu ya kile kitambaa cheupe.

"Ukishakata, kinaweza kurudi kilivyokuwa?"

"Hapana, sista."

"Basi usikate bado. Gauni likiwa tayari, nitaulizwa kwa nini sijalivaa."

Ndipo akakaa kwenye benchi la wateja, akamweleza. Kulikuwa na kazi mbili. Moja ni hiyo ya kambini: nyumba ya saruji, sukari, sabuni, vitu ambavyo mwaka ule watu waliviona kwa kusimuliwa. Ya pili ilikuwa Busiu, kwenye barabara ya Tororo, zahanati ndogo ya masista wa kanisa, wazee wawili waliokuwa wakizalisha wanawake wa mashambani. Hao walimwahidi chumba na ndizi. Hakuwa ameamua. Alitaka kwanza akazitazame zote mbili, na Meja hakuwa mtu wa kuambiwa ngoja.

Ijumaa ilipofika, Odongo alikuja.

"Tayari?"

Wasike aliinama akaanza kusafisha sindano ambayo haikuwa chafu. "Bado, afande. Njoo Ijumaa."

"Wewe? Hata wewe?" Odongo aliwageukia watu waliokuwa barazani. "Mmesikia? Wasike naye amekuwa fundi!"

Watu wote wakacheka. Wasike alihisi masikio yake yanawaka moto. Tangu alipoanza kushona hakuwahi kusema uongo ule, na sasa alikuwa ameusema mbele ya bunduki.

Wiki ile akaja Mzee Ignatius Otim, baba yake Santa, askari jela, na shati lake la kazi lililochanika kwapani. Alikaa huku likishonwa, kofia imelala magotini.

"Fundi, mimi si mtoto. Najua unachelewesha."

Wasike aliendelea kukanyaga cherehani.

"Unafikiri nataka sukari? Mimi ni mtu wa kaskazini. Miaka hii jina letu ni zito kulibeba. Wenzangu wawili walifuatwa nyumbani na wanajeshi, sijawaona tena. Mtoto akiwa kambini, siku wakija kunigongea mlango, mmoja atasema, ah, huyu ni baba yake sista, mwacheni. Ni hilo tu."

Wasike alikata uzi kwa meno. Akamkazia na kifungo kilicholegea, ambacho hakuombwa kukikaza.

Santa alikwenda Busiu, akaenda na Jinja, kisha akarudi kwenye benchi. Siku hiyo hakucheka.

"Busiu kuna kipimajoto kimoja, fundi. Akina mama wanalala wawili wawili kitandani, wengine chini. Kambini kuna penisilini kabati zima. Kabati zima! Shuka kila kitanda. Nesi gani hataki hivyo?"

"Basi Jinja ni kuzuri," Wasike alisema. Hakupenda kusema hivyo, kwa sababu alikuwa amezoea lile benchi likiwa na mtu, na Busiu ilikuwa karibu, Jinja mbali.

"Ni kuzuri. Kisha wakaniingiza wodi ya mwisho. Kuna mtu amelala, uso umevimba, mkono umefungwa kitandani kwa pingu. Nikamwambia, pole mzee, jina lako nani? Maana ndivyo tulivyofundishwa. Kabla hujamgusa mgonjwa, unamuuliza jina, ajue ameshikwa na mtu anayemjua. Nesi mwenzangu akanivuta mkono. Akasema, sista, hapa wengine hatuwaulizi." Aligeuka akatazama barabara. "Bila sabuni naweza kuishi. Hivyo siwezi."

"Umemwambia mzee?"

"Nimemwambia. Ameuacha uji mpaka ukapoa. Halafu akasema, basi usiende. Lakini usikatae, maana Meja hakataliwi."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Wasike kumtazama usoni bila kuukimbilia ukuta. Hakukuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kumkatalia Meja bila kumkatalia, isipokuwa fundi mvivu.

Tangu hapo Wasike akawa mwongo kamili. Ijumaa moja uzi umekwisha. Ijumaa nyingine mkanda wa cherehani umekatika. Ijumaa nyingine alikuwa na malaria, na aliisema huku akitoka jasho la kweli. Habari zikaenea sokoni kwamba Wasike ameharibika, pengine ni pombe. Wateja wakahama. Yeye alikaa na cherehani lake, furushi la kaki likiwa chini ya miguu, halijafunguliwa hata pindo.

Mwisho Odongo alikuja na hakuuliza chochote. Alipiga teke benchi, likaanguka.

"Meja amechoka! Amechukua msichana wa Kamuli, mwenye gauni lake mwilini. Lete kitambaa."

Wasike alimpa kwa mikono miwili. Odongo alikikunjua, akakuta hakijaguswa na mkasi. Alimtazama fundi kwa muda mrefu, Wasike akadhani siku zake zimeisha. Kisha koplo akauchukua ule mkasi mkubwa, akautia kwapani.

"Na hii mkasi nakwenda nayo. Sasa ukisema bado, hutakuwa mwongo."

Alishuka barazani akitikisa kichwa. Wasike hakuwahi kujua kama mtu yule alielewa au hakuelewa.

Gauni la Busiu lilitoka kwenye shuka ya mama yake Santa, shuka nyeupe ya harusi. Wasike aliikata kwa mkasi wa kuazima kwa Mafabi kinyozi. Santa alinyoosha mkono apewe futi, lakini fundi alikuwa tayari anakata. Santa akatazama ukuta. Namba zake zilikuwa palepale, chini ya madoa ya mvua.

"Hukuzifuta?"

"Nikifuta nitaandika upya na nini? Chaki hakuna Mbale nzima."

Santa alicheka, akauma mdomo, akageukia barabarani.

Gauni lilikuwa tayari Ijumaa, siku aliyosema. Kesho yake gari la masista lilikuja kumchukua. Mzee Otim alipakia sanduku, mama akafunga kuku. Wasike alisimama mbali kidogo, kama kawaida yake. Gari lilipowaka Santa alitoa kichwa dirishani, akamwita, akamwambia neno moja, na gari likaondoka.

Mwanzo wa wiki iliyofuata redio ilikuwa inasema mambo ya Entebe, kwamba ndege za kigeni zimevamia uwanja na Kenya ndiyo iliyozisaidia, na kufika katikati ya wiki Wakenya walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Wasike alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga katika gunia, akapanda lori la mahindi la kwenda Malaba, akalala chini ya turubai. Pale Busiu lori lilipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Akachungulia. Nje ya zahanati wanawake walikuwa wamepanga foleni na watoto migongoni, na mbele yao alisimama mtu aliyevaa nyeupe, ameipa barabara mgongo, ameinama kumsikiliza bibi kizee. Wasike aliutambua mshono wa mabega. Angeweza kuita. Lakini sauti ya Mkenya kutoka chini ya turubai ingemletea mtu yule matatizo, naye hakuwa mtu wa kuita hata siku za amani. Lori likapita.

Mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Miaka ikaenda. Madereva walimletea habari Bungoma: sista yupo Busiu, hamgusi mtu kabla hajamuuliza jina. Mzee wake hakugongewa mlango.

Wasike alipata mkasi mwingine, na wateja wengine. Akiwaambia njoo Ijumaa, Ijumaa wanavaa. Na kila akilisema neno hilo husimama kidogo, kwa kuwa ndilo aliloambiwa siku ile, Santa akiwa ametoa kichwa dirishani na upepo unapiga kola aliyomshonea:

"Fundi, uje Busiu unione. Njoo Ijumaa. Na mimi sisemi Ijumaa ya fundi."