Gari Lililokataa Kuwaka Likitazama Mlima

Moshi mweupe wa mazutu, yaani dizeli, ulikuwa ukiingia jikoni kwetu asubuhi na kufunika harufu ya mihogo inayochemka. Tuliishi Mutarule, katika nyumba iliyojengwa penye mteremko, na baba alikuwa na gari kuukuu la dizeli la kupelekea mchele sokoni Uvira. Siku nyingine liliwaka mara moja. Siku nyingine alizungusha ufunguo mpaka batri ikachoka, na hata likiwaka lilitetemeka na kukosa nguvu kwenye kila kilima, kisha likatulia lenyewe bila mtu kuligusa. Hilo ndilo lililomchosha baba, kwamba hakujua lini litamgomea.

Mama alikuwa mjamzito. Alipomzaa mdogo wangu Neema alibebwa kwa machela mabegani mwa wanaume, akafika hospitali hajitambui. Sasa muuguzi wa kituo chetu cha afya alikuwa amemwambia wazi kwamba safari hii lazima azalie Uvira, na maumivu yakianza asicheleweshwe. Barabara ilikuwa tope. Haikufaa kumpakia mwanamke wa hali hiyo kwenye pikipiki. Kwa hiyo kila gari lilipokohoa, mama aliacha kukoroga sufuria akasikiliza, mkono ukiwa tumboni. Nami nilimtazama yeye.

Baba alibadilisha batri, akabadilisha buji za kupashia injini moto, kisha filtri ya kuchujia mazutu. Kila mara tulishangilia, na baada ya siku chache moshi ukarudi jikoni. Mwishowe akamleta fundi Byamungu kutoka Uvira, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye hakushika spana kabla ya kuuliza maswali. Je, linasumbua zaidi asubuhi? Je, tangi likijaa kunakuwa na nafuu? Kisha akauliza, "Mukiisimamisha usiku, inaangaliaka wapi?"

Baba aligeuka kulitazama gari. Aliyejibu ni mama, akiwa mlangoni. "Ikiangalia mulima, asubuhi inakataa. Ikiangalia barabara, inawaka. Minye niko naona kila siku."

"Na weye haukusema?" baba akamwuliza.

"Nilizani utanicheka."

Byamungu alitikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyepewa nusu ya kazi ikiwa imekamilika. Alitueleza kwamba tangi liko nyuma na injini iko mbele. Mpira wa kupitishia mazutu ukiwa na ufa, hewa huingia, na pua ya gari ikiwa juu mazutu hurudi tangini usiku kucha. Hata safarini injini hunyonya mapovu, ndiyo maana hutetemeka. Akaligeuza gari litazame barabara ili mazutu yashuke na kuvujia penye ufa, tukala, kisha akapitisha vidole kwenye mpira wote, taratibu. Chini ya kibanio kilicho karibu na filtri, vidole vilitoka vimelowa. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo kama mkato wa wembe. Akaweka mpira mpya, akaitoa hewa kwa pampu ya mkono, akaliwasha. Likanguruma kwa sauti moja.

Hata hivyo hatukuliamini. Maumivu ya mama yalianza mapema kuliko tulivyotarajia, mchana wa mvua, na gari lilikuwa limesimama likitazama mlima. Mama aliketi mbele ameuma kitambaa. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika kiti chake. Baba akazungusha ufunguo, nalo likawaka papo hapo. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakatikisika, sikujua kama analia au anacheka, mpaka mama alipomwambia, "Baba Neema, twende, utacheka tukifika." Njia nzima nilisikiliza injini. Haikukatika hata mara moja. Tulipoliona ziwa lililo kando ya Uvira, ndipo nilipoachia kiti nilichokuwa nimekishika. Mama alipasuliwa jioni ile, na mdogo wangu Amani akalia kwa nguvu hata sisi wa nje tukamsikia.

Leo ninaishi Uvira, na gari langu huwasha taa nyekundu kabla sijajua kwamba lina tatizo. Amani amempita baba kwa urefu, na mama bado anasahihisha jinsi tunavyoegesha. Majuzi binti yangu alilalamika kwamba injini yetu ina sauti moja tu, inamletea usingizi. Nikamwambia alale.